Karatasi Zinazong'aa na Unga wa Mama Furaha

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na minane. Mama yangu aliposikia neno hilo kwenye simu aliuliza taratibu kama nimefukuzwa. Nikamweleza kwamba hapana, ninaacha maabara baada ya miaka mitano na mwezi ujao ninaanza kufundisha kemia sekondari. Akasema basi huko ni kuhama kazi, si kustaafu. Lakini katika maabara yetu ya chuo hapa London, yeyote anayevua koti na kulitundika kwa mara ya mwisho huitwa mstaafu, na haruhusiwi kuondoka mpaka awaandikie wanaokuja kurasa chache kuhusu mambo aliyoyakosea. Aliyenitangulia aliandika kurasa mbili. Mimi niliandika kumi na saba, nikazisoma, nikaona mtaogopa kuja, nikaanza upya.

Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu watatu kati yenu mnaoanza wiki ijayo mmetoka Dodoma, Eldoret na Zanzibar, na pia kwa sababu wakubwa wa idara hawakisomi. Mengine humu si ya wakubwa.

Kazi yenyewe ni hii. Tunatengeneza molekuli ambayo ikiwa peke yake haing'ai, lakini ikikutana na sumu fulani inang'aa chini ya taa ya urujuanimno, ile taa ndogo yenye mwanga wa zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti. Molekuli hiyo tunaiita kichunguzi. Tunaichovya karatasi ndani yake, tunaikausha, tunaikata kuwa kanda nyembamba, na hapo mtu asiye na mashine wala shahada anaweza kujua kama sumu ipo au haipo. Sumu niliyopewa mimi ni sianidi, ile inayobaki kwenye muhogo mchungu usipolowekwa vya kutosha.

Inasikika rahisi. Mwezi wangu wa kwanza niliamini nimeshamaliza kazi. Nilichukua karatasi, nikaichovya, nikaikutanisha na sianidi kidogo, nikaiweka chini ya taa, ikang'aa buluu nzuri ajabu. Nikaijaribu mara ishirini, ikang'aa mara ishirini. Nilikuwa tayari nimeshaanza kufikiria nitasema nini watu watakaponipongeza, na kama nikae upande wa kushoto au wa kulia kwenye picha.

Ndipo akapita Mzee Harish. Huyu mtamkuta, msimwogope. Ni fundi wa maabara, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Kingsbury hapa London, na Kiswahili chake cha Kisumu hakijapungua hata kidogo. Aliniuliza karatasi nimeitoa wapi. Nikamwambia kwenye mashine ya kuchapia. Alinishika mkono wa koti, akauweka chini ya taa. Koti likang'aa buluu kuliko karatasi.

"Kumbe hata koti yako imegundua sianidi," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Karatasi ya ofisini imetiwa dawa ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi, na sabuni ya kufulia vilevile. Dawa hiyo inang'aa chini ya taa hata pasipokuwa na sumu yoyote. Kwa hiyo tumieni karatasi ya kuchujia, ile isiyotiwa kitu. Andikeni juu yake kwa penseli, kwa maana wino wa kalamu unasafiri na maji na unafika mahali usipoalikwa. Kaushieni kanda kwenye kamba, kwa vibanio vya mbao vya nguo. Msizikaushe kwa mashine ya nywele. Mimi nilijaribu. Nilizikuta tatu nyuma ya friji na mmoja kwenye kikombe cha Mzee Harish, akiwa ameshakunywa nusu.

Jambo jingine linaloumiza kichwa: kichunguzi kinaweza kung'aa vizuri kikikutana na sumu kwenye maji, ukikitia kwenye karatasi kikazima. Niliwaza juu ya hilo wiki nyingi. Nilishuku maji, nikashuku chupa, kuna siku nilishuku hali ya hewa ya Croydon. Sababu ni kwamba maji yakikauka molekuli zinabanana, na zikibanana zinazimishana. Wafikirieni abiria wa treni ya chini ya ardhi saa mbili asubuhi: mmoja mmoja ni watu wazuri wenye maneno, lakini wakishashikana mabega hakuna anayefungua mdomo. Dawa yake ni kuipa molekuli mkia mnene upande mmoja ili zisikaribiane mno. Huo mkia ulinichukua mwaka mzima. Mkiona mchoro wake ukutani, msiuguse.

Sasa niwaeleze lile lililonifanya nibadilishe namna ya kazi. Nililiandika mwisho kwenye zile kurasa kumi na saba, kwa herufi ndogo.

Naishi Thornton Heath, huko huko Croydon, chumba cha juu katika nyumba ambayo chini yake anakaa Mama Furaha. Ni mama wa Bukavu, Kongo, anafanya kazi ya kulea wazee, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akinigongea mlango akishuku kwamba sijala. Dada yake kule nyumbani huloweka muhogo siku nne, huuanika, huusaga na kumtumia. Unga ule watu wa kanisa lake waliusifu hadi yeye mwenyewe akaanza kuota kuuona dukani, kwenye mfuko wenye jina lake. Na duka lilikuwapo. Bwana Odhiambo, Mkenya mwenye duka la vyakula barabara kuu, alikuwa ameahidi kuja Jumamosi moja ya Januari kwenye ukumbi wa kanisa auonje mbele ya watu, na akiridhika ataupanga kwenye rafu yake ya mbele.

Kanda zangu wakati huo zilikuwa zimefaulu kila jaribio la maabara, na nilikuwa nimeambiwa nizitoe nje, nizijaribu kwenye unga wa kweli. Mama Furaha aliposikia akafurahi. Akaniambia nije nazo ukumbini, nipime unga wake Bwana Odhiambo akiona, ili aweze kusema umepimwa na binti wa chuo. Kumbukeni hilo: yeye ndiye aliyenialika.

Sikulala vizuri wiki ile. Niliandika orodha ya mambo yanayoweza kuharibika, yakafika arobaini na moja, likiwemo la taa kuniangukia na la Bwana Odhiambo kuwa na mzio wa karatasi. Nilijiandaa kwa yote. Nilibeba kanda thelathini, mitungi midogo sita ya kioo, maji yangu mwenyewe na taa mbili. Na kwa kuwa huwezi kwenda kwenye shughuli ya watu mikono mitupu, asubuhi hiyo nilipika kuku wa manjano, kile kiungo cha unga. Manjano yenyewe yalitoka duka moja Kingsbury Road alilonielekeza Mzee Harish, akiniapia kwamba ya madukani kwingine ni vumbi la rangi. Nilimpaka kuku kwa mkono, ndani na nje, kama nilivyofundishwa nyumbani Tanga. Kisha nikanawa kwa sabuni mara tatu, maana mimi ni mtu mwangalifu.

Ukumbini walikuwa watu kama thelathini. Ugali wa muhogo ulikuwa umeshafunikwa mezani, na sombe, yaani kisamvu, na samaki, na kuku wangu. Bwana Odhiambo alikaa mbele akiwa na koti lake jekundu la baridi. Nikatia unga na maji kwenye mtungi mmoja, nikaning'iniza ukanda juu yake, kwa maana sianidi hupanda kama mvuke, nikafunga. Mtungi wa pili nikatia maji matupu na ukanda mwingine. Huo wa pili ni wa kulinganisha: haupaswi kung'aa kamwe, kwa sababu hamna kitu ndani. Tukasubiri nusu saa huku kwaya ikiimba. Nikatoa kanda, nikawasha taa.

Ukanda wa unga uling'aa.

Nikaangalia ule wa maji matupu. Nao uling'aa.

Hapa, vijana wangu, mtu wa kawaida angesema kanda zimeharibika, akafunga mkoba, akala ugali. Mimi nikafikiri. Nikajiambia: ukanda wa maji matupu hauwezi kupata sianidi kutoka kwenye maji. Kwa hiyo umeipata kwingine. Nje ya maji kuna nini? Kuna hewa. Nikatoa ukanda mpya kabisa kwenye mfuko, haujagusa mtungi wowote, nikauweka chini ya taa. Uling'aa. Nikatoa wa pili, wa tatu. Zote ziling'aa. Hitimisho lilikuwa moja tu, na nililifikia kwa hatua safi kabisa, kila moja ikifuata nyingine: hewa ya ukumbi ule ilikuwa imejaa sianidi.

Niliwatoa watu wote nje. Thelathini, Januari, baadhi yao bila viatu kwa kuwa walikuwa wamevua ili kucheza. Nilifungua madirisha yote. Nilimzuia mzee mmoja wa kwaya asirudi kuchukua sahani yake, akaniambia nimwache afe ameshiba. Bwana Odhiambo alisimama kwenye lami akiniuliza ni sumu gani, nami, kwa kuwa sidanganyi, nikamtajia jina. Jina hilo kila mtu analijua kwenye sinema. Hakuuliza la pili. Alimwambia Mama Furaha kwamba ana watoto na ana wateja, akafunga zipu ya koti lake jekundu hadi kidevuni, akaondoka kwa miguu akiwa ameliacha gari lake uani.

Mama Furaha alibaki ameshika mwiko. Aliwatazama watu wake waliokuwa wakiruka-ruka kwa baridi, kisha akanitazama mimi.

"Batu bote balikula hii unga miaka yote," akasema. "Nani alikufa?"

Mimi nilikuwa nahesabu dalili za sumu kwao.

Jumapili habari ilikuwa imeshafika hadi Edgware Road, upande wa pili wa jiji. Kuna dada alinipigia kuuliza kama ni kweli Wakongo kumi wamelazwa. Wale waliokuwa wakichukua unga kwa Mama Furaha wakaanza kusema wana unga wa kutosha. Mlango wangu haukugongwa tena. Nilisikia tu chini sufuria zikiwekwa kwa nguvu, na kila sufuria nilijua imewekwa hivyo kwa ajili yangu.

Jumatatu nilimsimulia Mzee Harish. Nilimweleza hatua zangu zote, moja hadi ya mwisho, nikitumaini atapata kosa katika hesabu ya hewa. Alisikiliza akikata kanda. Mwishoni akaniuliza kama ukanda wa unga uling'aa. Nikasema ndiyo. Wa maji? Ndiyo. Wa mfukoni? Ndiyo.

"Kila kitu iling'aa," akasema. "Sasa niambie, nini ilikuwa imegusa hizo vitu vyote?"

Nikafikiri. Nikasema hewa.

"Wewe," akasema. "Lete mkono."

Akawasha taa. Vidole vyangu vilikuwa vinawaka. Kijani chenye unjano, kwenye kucha, kwenye mikunjo, kwenye ncha zote kumi, baada ya siku mbili na sabuni sijui mara ngapi. Manjano yanang'aa chini ya taa ya urujuanimno, tena rangi inayokaribiana sana na ya kichunguzi chetu. Katika orodha yangu ya mambo arobaini na moja, vidole vyangu havikuwamo. Mzee Harish alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha akafuta macho na kuniambia, bila kicheko, kwamba manjano yale ni mazuri na kosa si la duka, na kwamba yule mama nimemwangusha mbele ya watu, kwa hiyo nitamwinua mbele ya watu haohao.

Nilimwendea jioni. Niliongea nje ya mlango kwa sababu hakunifungulia wote. Nikaeleza manjano, nikaeleza vidole, nikaomba kikombe kimoja cha unga nikaupime maabara kwanza kwa siri ili nijue.

"Unataka kuiua hii unga mara ya pili?" akauliza. "Hapana. Haitoke hapa. Kama ni kupima, utapima pale pale, batu bakiona."

Na hapo ndipo palipokuwa na hofu yangu ya kweli, ambayo sikumwambia. Kwamba kanda zangu zilikosea haikuwa na maana kuwa unga ni salama. Maana yake ilikuwa hatujui. Ingewezekana kabisa nirudi, nipime vizuri, mikono safi, na ung'ae kweli. Ningekuwa nimemmaliza mara mbili, na mara ya pili kwa haki. Siku tano nililibeba hilo. Niliwaza hata kujisingizia ugonjwa.

Jumamosi watu walikuja wengi zaidi kuliko mara ya kwanza, na wote walikuwa wamevaa viatu na makoti tayari. Bwana Odhiambo alikuja kuchukua gari lake, alivyosema, lakini alikuwa na taa yake ya kukagulia noti mfukoni, kwa sababu yangu hakuiamini. Nilisimama mbele nikaungama. Kisha nikamwomba Bwana Odhiambo aguse manjano kidogo, halafu aguse ukanda mpya. Tulifunika meza kwa kitambaa kizito ili chini yake kuwe giza, na watu wakawa wanainama wawili wawili na kuingiza vichwa. Ukanda uling'aa. Kidole cha Bwana Odhiambo nacho.

"Basi Odhiambo naye ni sumu," yule mzee wa kwaya akasema akiwa chini ya meza. "Mtoeni nje."

Kicheko kilisaidia, ila hakikutosha. Bwana Odhiambo alisema ameelewa kwamba daktari, yaani mimi, alikosea, sasa anataka kujua kama daktari anaweza pia kupatia.

Niliweka mitungi mitatu. Mmoja wa maji matupu. Mmoja wa mbegu za tufaha zilizopondwa, ambazo zina sianidi kidogo, ili tuone ukanda unavyong'aa ukiwa unasema kweli. Wa tatu wa unga. Nilitoa koleo ndogo ya kushikia kanda, nikaifuta kwa kitambaa mara ya tatu.

Mama Furaha alikuwa ameketi pembeni mpaka wakati huo. Akainuka. Alikwenda kunawa, akarudi, akanyoosha mkono.

"Leta hiyo koleo."

Nikamwambia kuna utaratibu wake.

"Mutoto wa benyewe, koleo ni koleo."

Alifanya yeye. Nilimwelekeza kwa maneno tu, mikono yangu nimeiweka nyuma kama mtu aliyekamatwa. Alitundika kanda tatu, akafunga mitungi, akasimama mbele yake nusu saa nzima asiketi, na safari hii kwaya haikuimba. Muda ulipotimia alizitoa mmoja mmoja, akainama chini ya kitambaa pamoja na Bwana Odhiambo na taa yake. Sisi wengine tuliona migongo miwili tu, mmoja wa kitenge, mmoja mwekundu.

Walikaa huko muda mrefu.

Bwana Odhiambo ndiye aliyetoka kwanza. Alisema wa mbegu unawaka, wa maji umezima. Kisha akarudisha kichwa ndani tena kuhakikisha, akatoka, akasema wa unga umezima kama wa maji.

Nikaomba niangalie. Mama Furaha alinifungulia kitambaa, na ndivyo ilivyokuwa: ukanda wa unga wake ulikuwa mweusi tuli, kama usiku wa umeme kukatika. Sijawahi kufurahia hivyo karatasi isiyofanya kitu.

Watu walivua makoti. Ugali ukafunuliwa. Bwana Odhiambo akala kwa mkono, akaongezewa, akasema rafu ya mbele ipo. Akasema pia kwamba atabandika tangazo dogo juu ya mifuko, wateja wapate moyo, kwamba unga huu umepimwa na mwanasayansi wa chuo kikuu, akaniuliza jina langu linaandikwaje.

Kabla sijafungua mdomo Mama Furaha aliweka kijiko chini.

"Ule alipima alibatosha batu inje kwa baridi," akasema. "Ya leo, njo miye nilipima. Andika jina yangu."

Bwana Odhiambo alinitazama kana kwamba anangoja nipinge. Nikasema ni kweli, ndiye aliyepima.

Tangu siku hiyo kanda zetu zinatengenezwa zikiwa zimebandikwa ndani ya kifuniko cha mtungi, hakuna kidole kinachozifikia, na maelekezo yamepunguzwa hadi mistari minne, kiasi alichohitaji Mama Furaha. Hivyo ndivyo mtakavyozikuta, na msizirudishe kuwa za kushikwa. Wakubwa wanadhani wazo lilitoka kwenye mkutano.

Mkifika Thornton Heath, ingieni kwenye duka la Bwana Odhiambo, rafu ya mbele, mkono wa kulia. Kuna kadi nyeupe iliyoandikwa kwa herufi kubwa: UNGA HUU UMEPIMWA NA MAMA FURAHA. Wateja wanaisoma, wanachukua mfuko, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza ana shahada gani.